Siku moja getini, kwenye ghala la salfa Mtwara

Saa 11:40 alfajiri. Salfa ni dawa ya unga ya mikorosho, na mimi ni mlinzi wa ghala lake. Kupokea lindo si salamu tu. Mimi na mwenzangu wa usiku tunasoma kitabu cha matukio, tunahesabu funguo, kisha tunazunguka uzio. Kitabu kinasema "hali shwari". Nyuma ya ghala, chini ya mkorosho, waya umekatwa, tundu la mtu kupita akiinama. Wezi? Nyasi zimelalia upande wa mama muuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha. Ni vibarua wetu hao, wamejikatia njia ya mkato. Nimeandika, nikaufunga.

Saa 2. Msimu wa kupulizia mikorosho, malori foleni. Kila dereva anashuka: simu, sigara na kiberiti vinabaki kwenye kisanduku changu. Napitisha kioo chini ya gari, naangalia kama bomba la moshi lina kizuia cheche. Wanalalamika, lakini unga wa salfa ukitimka hewani ndani ya ghala, cheche moja inatosha kuulipua, hata ya umeme tuli. Ukiwaka, moto wake ni wa buluu, mchana huuoni vizuri. Unachokisikia ni ule moshi unaokaba koo.

Saa 5. Gari zuri, kioo kinashuka nusu.
"Shikamoo mzee. Naomba kiberiti."
"Kijana, unanijua mimi?"
"Nakuheshimu sana mzee. Ila kiberiti hakikujui wewe, hakinijui mimi."
Amekaa kama dakika tano kanuna, kisha akakitoa. Bosi wangu bado hajaniita, nasubiri.

Saa 8. Jua kali. Ming'oko na pilipili, maji, basi.

Saa 10. Malori yanatoka. Nahesabu mifuko ya kilo 25, nalinganisha na hati, nasoma namba ya lakiri tarakimu kwa tarakimu. Hapa ndipo wizi wa kweli hupita: getini, mchana, na karatasi mkononi.

Lile tundu linanisumbua kwa jambo jingine. Msimu huu ni wa kusi, upepo unaotoka kusini, na geti letu liko kaskazini. Ghala likiwaka, moshi wote unatufuata hukohuko tunakokimbilia. Nimeshasema: pale nyuma wekeni geti dogo la dharura, linalofunguka kwa ndani tu. Nikaambiwa bajeti.

Saa 12 jioni. Tunazunguka tena na mwenzangu, tochi mkononi. Waya nilioufunga asubuhi umefunguliwa, umekunjwa pembeni vizuri kabisa, kama mtu aliyeacha mlango wazi kwa sababu anarudi sasa hivi.