Swali la fidia, na jinsi nilivyolijibu Mkunazini

Nafundisha darasa la kipaimara hapa Unguja, na hakuna somo linalonikaa rohoni kama la ukombozi. Vijana wangu wanaijua Marko 10:45 kwa ghibu: Mwana wa Adamu alikuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Ukiwaachia nafasi, watakuuliza tu: "Mwalimu, hiyo fidia alilipwa nani?"

Swali hili la zamani. Origen, mwalimu wa kanisa la kale, alisema alilipwa Ibilisi. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, Uingereza, karibu mwaka 1098, akakataa: Ibilisi hana haki ya kumdai Mungu chochote. Nami nashikilia hivyo, ila kwa mtoto wa skuli majina hayo hayafungui mlango.

Kilichofungua ni Kutoka 6:6, Mungu anapowaahidi Waisraeli kuwatoa utumwani Misri. Niliwaambia wasome kwa sauti: "nitawakomboa kwa mkono ulionyoshwa". Nikawauliza, Farao alipewa shilingi ngapi? Wakatazamana. Binti mmoja akasema, "Hakupewa kitu, mwalimu. Yeye alifiwa na mzaliwa wake wa kwanza." Kijana wa nyuma akaongeza, taratibu: "Lakini kondoo wa Pasaka walichinjwa." Hapo nikajua wameshika. Damu ilimwagika, na hakuna muuzaji aliyepokea bei.

Jumamosi nikawapeleka kanisa kuu la Mkunazini, mjini Unguja, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru sakafuni. Husimuliwa kwamba ndipo watu walipofungwa na kuchapwa. Vijana walilizunguka, hakuna aliyetaka kulikanyaga.

Mmoja akauliza mbona tumekombolewa na bado tunatenda dhambi. Nikamwambia soko lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1897, na mashamba ya karafuu, Unguja na Pemba, yakiendelea kulimwa na watumwa. Ushindi umeshapatikana, kuuishi ni safari, na Roho ndiye anayetutembeza.

Somo lililofuata lilikuwa Walawi 16, Siku ya Upatanisho: mbuzi mmoja achinjwe, wa pili abebeshwe dhambi za watu apelekwe jangwani. Suala la nani alilipwa halikurudi. Walitaka kujua kwa nini mbuzi ni wawili na Kristo ni mmoja, tukafungua Waebrania 13, aliposulubiwa nje ya lango, tukasoma hadi kengele ikalia.