Santuri Iliponyamaza

Jana binti yangu aliiona ile picha ya bibi yake amesimama sebuleni na soksi, mikono juu, uso umelowa. "Bibi alikuwa analia au anacheza?" Nikamwambia ale kwanza.

Ilikuwa Novemba 2020, Uingereza imefungwa kwa mara ya pili kwa sababu ya korona. Baba tulimzika Aprili, watu sita tu, bila hata kupeana mikono. Eda iliisha Agosti lakini Mama mwenyewe hakuitoka: redio haikuwashwa, udi haukuchomwa. Jumapili ile BBC walionyesha Lovers Rock, filamu ya Steve McQueen, nami nikaifungulia sauti ya chini kabisa, kama mwizi.

Ni usiku mmoja, London magharibi, mwaka 1980. Vijana wenye asili ya Karibi, waliochoka kufukuzwa milangoni mwa vilabu, wanatoa makochi nje, wanafunga spika, wanapika mchuzi wa mbuzi, wanatoza kiingilio. Kisha unapigwa wimbo wa Janet Kay, Silly Games. Santuri inanyamaza, na hakuna anayetoka. Wanaendelea kuimba wenyewe, bila ala hata moja, macho yamefumbwa, nyayo zinasugua sakafu. Dennis Bovell, aliyeutunga wimbo huo, yumo humo humo kati yao. Ile sauti ya juu kabisa wanawake wanaipanda, wengine inawashinda, wanaipanda tena. Hakuna anayewaharakisha. Wimbo sasa ni wao.

Nikasikia sauti nyingine nyuma yangu. Mama, pasi mkononi, anaimba maneno ambayo sikujua anayajua. Akaiweka pasi, akavua sapatu, akaja katikati ya zulia.

"Babaako walimrudisha mlangoni," alisema, bila kuacha kuyumba. "Walimwambia pamejaa, na huku Wazungu wanapita. Usiku ule ule akanipeleka nyumba kama hii. Alicheza kwa hasira, mwanangu. Alicheza mpaka soli ya kiatu ikabanduka. Na alikuwa anacheka."

Baba yangu, yule wa tasbihi na gazeti! Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia.

Nilipiga picha moja, kisha nikaona haya, nikaificha simu, nikasimama naye. Kwenye televisheni walikuwa bado wanaimba.

Binti yangu amemaliza kula. Sahani ameisukuma pembeni, picha ameishika, ananitazama.