DRB1 iliyopotea: nilivyosoma jeni za kinga za Wakorea

Sampuli namba 41 ndiyo iliyoninyima usingizi. Nilikuwa Seoul, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na kazi niliyopewa ilikuwa kusoma jeni za HLA za Wakorea wasio na undugu kati yao. Tulizisoma nzimanzima, si vile vipande vichache tu ambavyo maabara nyingi zimevizoea.

Jeni hizi ziko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 6. Protini zake husimama juu ya seli na kuvionyesha vikosi vya kinga vipande vya kile kilichomo ndani. Mgonjwa wa saratani ya damu akihitaji uboho wa mtu mwingine, HLA ndiyo inayopimwa kwanza, kwa sababu kinga ikimwona mgeni haimwachi. Aleli zake, yaani matoleo tofauti ya jeni moja, ni maelfu kwa maelfu, na jina la kila moja linaweza kufika hatua nne. Chukua A*24:02:01:01, ukoo unaoenea sana Korea. A ni jina la jeni, kama zilivyo B, C, DRB1 na DQB1. 24 ni kundi, 02 ni protini yenyewe, 01 inayofuata ni mabadiliko ya herufi za DNA yasiyoigusa protini, na ya mwisho ni mabadiliko yaliyo nje ya eksoni, zile sehemu za jeni zinazobeba maelekezo ya protini.

Mwanzoni niliziona zile hatua mbili za mwisho kama anasa. B*44:03 ndiyo iliyonibadilisha. Ukiishia hatua ya pili, Wakorea wengi wenye B*44:03 wanaonekana wamerithi kitu kimoja. Ukienda hadi ya tatu wanagawanyika: B*44:03:01 hutembea, yaani hurithiwa pamoja, na C*14:03 na DRB1*13:02, mchanganyiko unaopatikana sana Japani pia, na B*44:03:02 hutembea na C*07:06 na DRB1*07:01. Protini ni ileile, lakini hizi ni koo mbili. Siku nilipoyaona yamejipanga hivyo kwenye jedwali langu nilikaa nikiyatazama tu.

Basi, tukafika DRB1. Nilipopiga hesabu ya Hardy na Weinberg, inayokadiria ni watu wangapi watakuwa na aleli mbili zinazofanana, watu wenye aleli moja iliyojirudia walizidi kiasi kilichotarajiwa. Kwenye A, B na C hesabu ilikaa sawa. Nikafungua sampuli mojamoja, na ya 41 ikasimama mbele yangu: B*44:03:02 na B*58:01, C*07:06 na C*03:02, DQB1*02:02 na DQB1*06:09. Kila jeni ilikuwa na aleli mbili. DRB1 ilikuwa na 13:02 peke yake, na programu ilikuwa imeiwekea alama ya kijani kwamba yote ni salama.

(Hiyo B*58:01 nayo si ya kupita kimyakimya. Mwenye nayo akipewa alopurino kwa ajili ya jongo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuchubuka ngozi mwili mzima, na wengine hufa. Ni aleli ya kawaida Korea, na Afrika ipo pia.)

Nilimwonyesha sunbae wangu, mwanafunzi aliyenitangulia maabarani. Alitazama kidogo, akaniuliza, "DRB4 umeiangalia?"

Sikuwa nimeiangalia. DRB4, jeni jirani ya DRB1, hukaa kwenye kromosomu zile tu zenye DRB1 ya kundi la 04, 07 au 09. Wenye 13 hubeba jirani mwingine, DRB3. Sampuli 41 ilikuwa na DRB3 na DRB4, zote mbili. Maana yake kulikuwa na DRB1 nyingine ambayo mashine haikuiona, na kwa kuwa B*44:03:02 na C*07:06 zilikuwepo, nilijua kabisa naitafuta 07:01.

Nikarudi kwenye picha ya jeli ya siku ile, ambamo vipande vya DNA hujipanga kwa urefu, virefu vikiwa juu. Palikuwa na mstari mmoja mnene, na juu yake kivuli hafifu nilichokuwa nimekichukulia kuwa uchafu. Hapo ndipo penye kisa chote. DRB1 za makundi ya 04, 07 na 09 zina introni (sehemu zilizo kati ya eksoni) ndefu kuliko wenzake, kwa hiyo jeni nzima inazidi kwa maelfu ya herufi. Katika PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, aleli fupi hunakiliwa haraka na kuipiku ndefu. Damu yetu nayo ilikuwa imegandishwa muda mrefu, DNA imekatikakatika, na kipande kirefu ndicho cha kwanza kukatika.

Nilitoa DNA upya kutoka kwenye chupa ya akiba, safari hii bila kuitikisa kwa nguvu. Nikaongeza muda wa kunakili katika kila mzunguko na kupunguza idadi ya mizunguko. Sambamba na hilo nikakuza eksoni ya 2 pekee, herufi 270, ambako urefu wa introni haumpendelei mtu. Njia zote mbili zilileta jibu moja: DRB1*07:01 na DRB1*13:02.

Kisha nikazirudia sampuli zote zilizoonyesha DRB1 moja. Baadhi kweli zilikuwa na aleli iliyojirudia, na DRB4 haikuwemo. Nyingine zilirudisha 04:05, 09:01 na 07:01 zilizokuwa zimefichika. Hesabu ikakaa. Kwenye jedwali nikaongeza safu tatu kabla ya ile ya DRB1, yaani majirani zake DRB3, DRB4 na DRB5, na mwanafunzi aliyeipokea kazi baada yangu anaanza kuzijaza hizo.