Kitafunwa Kisizuie Salamu

Mwezi uliopita nilihudhuria hafla ya kumuaga mwenzetu aliyestaafu, katika ukumbi mmoja hapa Dar es Salaam, na kabla wageni hawajaketi wahudumu walianza kuzunguka na masinia ya sambusa ndogo, kachori, katlesi na mishkaki ya kuku. Nilikuwa nimesimama, glasi ya juisi mkono wa kushoto na sambusa mkono wa kulia, mzee aliyenifundisha kazi aliponijia akiwa amenyoosha mkono. Kinywa kilikuwa kimejaa na vidole vina mafuta. Alisubiri kwa upole hadi nikameza, nami nikampa kifundo cha mkono badala ya kiganja, ndipo nikamwamkia. Kutoa kifundo wakati vidole ni vichafu ni adabu inayoeleweka kwetu, na yeye hakuonyesha kuchukia, lakini shikamoo ile iliyochelewa iliniuma sana.

Nimelitafakari jambo hili tangu siku hiyo. Wengi wetu tumelelewa kula tukiwa tumekaa, baada ya kunawa, kwa mkono wa kulia, na kila mtu akila kilicho mbele yake. Hafla za kusimama zinautwika mkono huohuo wa kulia kazi mbili, kula na kusalimiana, na kwa maoni yangu salamu ndiyo iliyotuleta pale, kwa kuwa chakula chenyewe kinakuja baadaye mezani. Kwa hiyo sasa glasi naiacha juu ya meza iliyo karibu, sahani ndogo naishika kwa mkono wa kushoto na tishu chini yake, na kitafunwa nakishika kwa tishu au kwa kijiti chake. Nachukua vile vinavyomalizika kwa kuumwa mara moja au mbili. Bawa la kuku nalisubiri hadi nikae, kwani halina namna ya kuliwa kwa heshima ukiwa umesimama, na mfupa wake hauna pa kwenda.

Chatini ya ukwaju inahitaji uangalifu zaidi. Chota kwa kijiko, weka pembeni mwa sahani yako, kisha chovya hapo. Sambusa iliyokwisha kuumwa haipaswi kabisa kurudi katika bakuli la watu wote. Vivyo hivyo kijiti cha mshikaki hakirudishwi kwenye sinia lenye vitafunwa vya wengine, bali hukaa sahanini mwako hadi sahani itakapokusanywa.

Tukumbuke pia kwamba vitafunwa hivi vimehesabiwa. Kamati huagiza kwa idadi ya wageni, mara nyingi vipande vichache tu kwa kila mtu, na anayesimama karibu na mlango wa jikoni akijaza sahani kila sinia linapotoka anakula fungu la wazee walioketi mbali, ambao hawawezi kuinuka kila mara. Nimewaona wazee wa namna hiyo wakiletewa sinia lililobaki makombo, na ilinisikitisha. Chukua viwili, mshukuru mhudumu, liache sinia lipite.

Anayekukuta ukila mwambie karibu, naye akijibu "asante, starehe," usimsukumie sahani. Huenda amefunga, hasa siku za Jumatatu na Alhamisi ambazo Waislamu wengi hufunga sunna, na kumshurutisha mbele za watu ni kumlazimisha aeleze ibada yake.

Nina ombi moja kwa kamati zetu za sherehe, ambazo hukumbuka mapambo, muziki na mpiga picha: wekeni maji ya kunawa na sabuni karibu na mlango wa kuingilia, mapema, kabla sinia la kwanza halijatoka jikoni, na si kwenye meza ya chakula pekee.