Nilivyoisoma rasi ya Entebbe kwa kuanzia na koo za watu wake

Entebbe, nchini Uganda, ni rasi iliyoingia katika Ziwa Viktoria, ingawa wengi wanaijua kwa uwanja wa ndege tu: wanashuka, wanapanda gari, wanaelekea Kampala. Nilipohamia hapa kutoka Tanga kufundisha Kiswahili, nilitaka kuijua nchi hii niliyoikanyaga, yaani miti, wanyama, watu na lugha yao ya Kiganda. Sikusomea mimea wala ndege. Nilikuwa na kaunta buku moja, na jioni zangu baada ya vipindi.

Kilichonifungulia mlango ni swali ambalo Waganda huulizana wanapojuana: "Weddira ki?" Wewe ni wa ukoo gani? Koo za Buganda, ufalme wa Waganda, kwa hesabu inayotajwa sana, ni 52, na kila ukoo una muziro wake: mnyama, ndege, samaki, mdudu au mmea ambao wenyewe hawauli. Ngeye ni mbega. Ngonge ni fisi maji. Lugave ni kakakuona. Mmamba si mamba tunayemwogopa sisi, ni kamongo. Nseenene ni senene wale wanaofuata taa usiku. Hata mimea imo: Butiko ni uyoga, Mpindi ni kunde.

Basi nikaacha kuanza na mti au ndege, nikaanza na mtu. Ukimuuliza mvuvi habari za samaki kwa jumla, atakujibu kwa adabu huku mikono inaendelea na nyavu. Muulize muziro wake, na ataacha nyavu. Mzee mmoja wa Mmamba pale Kigungu, kwenye ncha ya rasi, alinieleza jinsi kamongo anavyopanda juu kuvuta hewa, wapi anajificha matope yanapokauka, na kwamba mkuu wa ukoo wao, Gabunga, ndiye aliyekuwa akisimamia mitumbwi ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda. Samaki, historia na cheo, vyote katika mazungumzo ya kikao kimoja. Kila jina nililolipata nililiandikia mistari minne: linaitwaje, linaonekana wapi, ni la nani, lina kazi gani.

Kiganda changu wakati huo kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo nilitembea na watu wa Kiswahili. Jirani yangu, afande mstaafu, alizoea Kiswahili kambini. Na kule Nakiwogo, penye vivuko, kuna mama kutoka Musoma anayeuza mukene, dagaa wetu, na wavuvi wote wanamwita dada. Hao wawili walinitafsiria na kunitambulisha. Jambo moja ninamsihi Mswahili yeyote azingatie hapa: amkia kwa Kiganda kwanza. Kiswahili nchini Uganda kimebeba kumbukumbu za askari, na wapo wazee wanaokisikia kwa tahadhari. Ukisema "Wasuze otya nno, ssebo" na ukangoja ujibiwe mpaka mwisho, hata mkirudi kwenye Kiswahili hakuna neno.

Lugha yenyewe haikunitesa sana. Omuti, emiti, omuntu, abantu: ngeli zetu zilezile, zimetangulizwa irabu. Kazi ni kupanda na kushuka kwa sauti na konsonanti za kukaza, na hizo huzipati vitabuni. Lakini nilichokipenda kuliko vyote ni majina ya miezi. Machi ni Mugulansigo, mwezi wa kununua mbegu. Novemba ni Museenene, mwezi wa senene. Nilipoyapata yote kumi na mawili niliyabandika ukutani, yakawa ratiba yangu ya kujua nitoke lini kutazama nini.

Bustani ya mimea ya Entebbe ilianzishwa 1898, na Waingereza waliitumia kujaribia mazao ya kigeni, mpira na kakao miongoni mwao. Kwa hiyo mgeni hawezi kuingia pale akadhani kila anachokiona ni cha hapa. Mimi niliitumia kuhakiki: jina nililopewa kijijini nalipeleka pale, namwonyesha mtunza bustani jani, kisha nalirudisha kwa mtu wa kijiji kingine. Likikubaliwa kote ndipo naliandika kwa wino. Mbega wako juu ya miti hiyohiyo, na ukikaa kimya watakushukia karibu.

Mmea ulionishika moyo ni mutuba, jamii ya mtini. Ganda lake la ndani huvuliwa msimu wa mvua, shina likafungwa kwa majani ya mgomba ili lisikauke, nalo ganda huota tena. Linapondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka lipanuke na kuwa nguo, olubugo, rangi ya udongo mwekundu. Mafundi wa kurithi ni watu wa Ngonge, chini ya fundi wao mkuu, anayeitwa Kaboggoza. UNESCO iliutambua ufundi huo 2005. Fikiria: ukoo wenye muziro wa mnyama wa majini ndio unaoshika ujuzi wa mti. Ungeisoma mimea peke yake, hilo ungelipata wapi?

Mwambao nao una huzuni yake. Kati ya 1900 na 1920 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 katika Buganda na Busoga. Mwaka 1903, hapahapa Entebbe, daktari Mwitaliano Aldo Castellani aliripoti kuona vimelea vya ugonjwa huo katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Baadaye gavana Mwingereza, Hesketh Bell, akaamuru watu wahamishwe kutoka mwambaoni na visiwani kwa ajili ya mbung'o, nzi wanaoeneza malale. Mashamba yakabaki bila mwenyewe, pori likarudi. Tangu nijue hayo, siwezi kuutazama msitu wa kando ya ziwa bila kuuliza nani aliishi pale.

Kutoka Nakiwogo nilivuka kwenda kinamasi cha Mabamba, kilichoingizwa 2006 katika orodha ya Ramsar, ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Pale yuko bbulwe, korongo mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana mfano wa kiatu, ambaye chakula chake kikuu ni kamongo. Zamani wavuvi walimwona kuwa ni nuksi, anayemkuta atarudi mtumbwi mtupu, wakamuua. Leo baadhi yao ndio wanaowapeleka wageni kumtazama, na wanakasirika mtu akimsogelea mno. Nenda alfajiri, upepo haujaanza, na mwenye mtumbwi muulize ukoo wake kabla hamjaondoka.

Sasa ninaandika kurasa za ghuba ya Lutembe, upande wa kuelekea Kampala, ambako ndege wahamiaji kutoka Ulaya hutua kwa wingi. Kinamasi hicho kinafukiwa kidogokidogo, kwa hiyo huko ninakwenda kila nipatapo nafasi, na wanafunzi wawili watatu wanaojua majina kuliko mimi.