Kumbukumbu ya mradi wangu: viwavi wa Phalera bucephala, kutoka yai hadi pupa

Nondo ninayemfuga anajulikana kitaalamu kama Phalera bucephala. Mwanasayansi Linnaeus alimwelezea mwaka 1758, naye hupatikana katika sehemu kubwa ya Ulaya, ambako viwavi wake hula majani ya miti ya majani mapana kama vile mwaloni, mwerebi na betula. Ninachofuatilia ni jambo moja: jinsi viwavi wanaoanza maisha wakiwa kundi lililoshikamana wanavyoachana polepole, hadi kila mmoja anapoingia ardhini peke yake na kuwa pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo.

Julai

Mayai yalikuwa upande wa chini wa jani la betula, yamebanana, kila moja jeupe na lenye nukta nyeusi. Sikuyabandua, bali nilikata kijitawi chote na kukiweka ndani ya kizimba cha wavu. Viwavi walipoanguliwa walijipanga ubavu kwa ubavu na kuanza kula nyama laini ya jani, wakiacha mishipa pamoja na utando wa juu, mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Matawi ya chakula nayaweka katika chupa ya maji ambayo mdomo wake nimeuziba kwa pamba kulizunguka tawi, kwa kuwa kiwavi akipata upenyo hushuka hadi majini na kufa. Sibadilishi mti, maana kiwavi aliyezoea betula anaweza kuukataa mwaloni, ingawa spishi yake hula yote miwili.

Agosti

Hiki ndicho kipindi kilichonifurahisha kuliko vyote. Kiwavi anayekaribia kujivua ngozi huacha kula na kutulia tuli, na ukimtazama kwa kioo cha kukuzia utaona kichwa kipya kikivimba nyuma ya kile cha zamani, ambacho kimekuwa kidogo mno kwa mwili wake. Kisha ngozi hupasuka, naye hutoka akiwa na kichwa cha rangi hafifu ambacho huwa cheusi baada ya muda. Kundi langu lilifanya hivyo karibu kwa pamoja, jambo ambalo naliona ni muhimu, kwani anayechelewa huachwa wenzake wanapohamia jani jingine.

Kadiri walivyokua, wakiwa na rangi ya manjano iliyokatwa na mistari myeusi, walianza kula jani zima pamoja na mishipa, na makundi yakawa madogo zaidi. Kwa maoni yangu chakula kina sehemu kubwa katika mtengano huo: jani lililotosha kundi zima halimtoshi tena kiwavi mmoja mwenye urefu wa karibu sentimita 7.

Septemba

Viwavi waliokomaa waliacha majani na kuzunguka sakafuni mwa kizimba, basi nikawawekea udongo laini wenye unyevu kiasi. Walijichimbia na kugeuka pupa bila kusuka kifuko cha hariri. Pupa ni za kahawia iliyokolea na zinang'aa. Nimeziacha nje, mahali pasipofurika mvua, ili zipitie baridi kama ambavyo zingeipitia chini ya mti.

Kabla ya mwisho wa Mei nitasimamisha vijiti vya betula juu ya udongo huo, ili nondo wanaotoka wapate pa kupanda na kunyoosha mabawa. Chakula sitawawekea, kwa sababu nondo mzima wa spishi hii hali kabisa. Nitawapiga picha wakiwa wametulia kwenye vijiti, mabawa ya kijivu yamezungushwa mwilini na ncha zake zikiwa na rangi hafifu ya mti uliovunjika, kisha nitawaachia usiku kwenye mti uleule nilikokata tawi la mayai.