Kutoka Daraja la Tanzanite hadi Mweka

Basi letu liliondoka kituo cha Magufuli, Mbezi Louis, Dar es Salaam, saa kumi na mbili asubuhi ya Ijumaa, nami nilikuwa nimepakata mfuko mdogo wenye viatu vya kukimbilia, kwa sababu sikukubali viwekwe kwenye buti pamoja na mizigo mingine. Nilikuwa nakwenda Moshi kukimbia kilomita 21 katika mbio za Kilimanjaro Marathon, ambazo zilianza mwaka 2003 na ambazo kwa watu wengi wanaokimbia kwa kupenda tu, kama mimi, ni safari ya kuwekewa akiba mwaka mzima.

Mimi ni mhasibu, nina miaka 44, na nilianza kukimbia baada ya daktari kunionya kuhusu shinikizo la damu. Kikundi chetu hukutana kila Jumamosi alfajiri na kukimbia kandokando ya bahari, tukavuka Daraja la Tanzanite na kurudi, upepo wa bahari ukitupoza. Kwa muda mrefu nilidhani hayo yananitosha. Kilichonifanya nijisajili ni usiku mmoja wa Septemba 2025, nilipokesha mbele ya televisheni kumtazama Alphonce Simbu katika marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Tokyo. Aliingia uwanjani akiwa bado nyuma ya wenzake, akakaza katika mita za mwisho, na akavuka mstari pamoja na Mjerumani Amanal Petros kiasi kwamba wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Tofauti yao ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde moja. Hiyo ndiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Nililia, na nyumba nzima ilikuwa imelala.

Njia ya kwenda Moshi ni ndefu. Baada ya Chalinze na Segera huanza mashamba ya mkonge ya Korogwe, kisha milima ya Usambara inajitokeza upande wa kulia, na ikiisha hiyo inaanza ya Upare, ikiisindikiza barabara kupitia Hedaru, Same na Mwanga. Korogwe alipanda mama mmoja wa makamo aliyekuwa akienda Same, akakaa kando yangu. Nilimwamkia, akaitikia, akautazama mfuko niliokuwa nimeukumbatia, akaniuliza nimebeba nini cha thamani namna hiyo. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mwanangu, nyie wa Dar mmezoea tambarare. Huko unakokwenda barabara inapanda. Usishindane nayo, ipande kama unakwenda shambani." Nilimshukuru kwa adabu, lakini nakiri kwamba sikuyachukua maneno yake kwa uzito uliostahili. Kichwani nilikuwa na hesabu moja tu: kumaliza chini ya saa mbili.

Tulipofika Himo, mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu. Jumamosi nilichukua namba yangu ya kifuani, nikala wali na samaki mapema, nikalala saa mbili usiku bila kupata usingizi wa maana.

Jumapili nilifika Uwanja wa Ushirika kabla ya saa kumi na mbili na nusu, giza likiwa linaanza kupungua. Wakati wakimbiaji wa kilomita 42 wanajipanga, watu walianza kugeuka kutazama kaskazini, mmoja baada ya mwingine, bila mtu kusema neno. Mawingu yalikuwa yameondoka. Kibo ilisimama wazi, theluji yake ikianza kushika rangi ya jua, na ilionekana karibu mno. Nimeishi Tanzania maisha yangu yote, na ule mlima nilikuwa naujua kutoka kwenye noti na kalenda. Nilisimama nikiutazama hadi kijana mmoja nyuma yangu akaniambia kwa upole, "Mzee, sogea kidogo, wenzako wanapita."

Sisi wa kilomita 21 tuliondoka baadaye. Kilomita za kwanza nilizikimbia kama ninavyokimbia darajani, na hapo ndipo nilipokosea. Hewa ya asubuhi ilikuwa ya ubaridi, umati ulikuwa unashangilia, saa ya mkononi ilinionyesha kwamba nipo mbele ya hesabu yangu, na nikafurahi. Kisha tukaishika barabara ya kwenda Mweka.

Mteremko wa Kilimanjaro haukuonyeshi ukali wake kwa macho. Barabara inaonekana kama imenyooka tu kuelekea kwenye migomba, na ni pumzi ndiyo inayokuambia kwamba unapanda. Moshi yenyewe iko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo kwenda Mweka ni kupanda bila kupumzika, kilomita baada ya kilomita. Mazungumzo yaliyokuwa yamenizunguka yakafa. Nikawa nasikia soli za viatu tu, na mahali fulani maji ya mfongo, mifereji ambayo Wachaga wameichimba tangu enzi za mababu ili kuyaleta maji ya mlimani kwenye vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, yakipita kwa kasi kando ya barabara kuelekea chini, huku sisi tukipanda kwa shida. Mapaja yalikuwa mazito. Nilipoitazama tena saa, ile akiba yangu yote ya dakika ilikuwa imekwisha.

Ndipo nilipomkumbuka mama wa Same. Nikafupisha hatua, nikaacha kutazama saa, nikahesabu pumzi: hatua tatu kuvuta, hatua tatu kutoa. Watu wa vijiji vya njiani walikuwa wametoka na watoto wao, wengine wakiwa wamevaa tayari nguo za kanisani, na kulikuwa na binti wa kama miaka saba aliyeshika kikombe cha plastiki cha bluu kwa mikono miwili, amekijaza hadi juu, amesimama tuli asimwage hata tone. Nilisimama kabisa ili nikipokee. Maji yalikuwa baridi kiasi cha kuuma meno. Nilimrudishia kikombe, akakimbia kwenda kukijaza tena kwa ajili ya mwingine.

Mweka ndiko wanakoshukia wengi wa wanaorudi kutoka kilele cha Uhuru, na mimi nilipogeuza pale nilihisi kama nami nimetoka kileleni. Niliamini kwamba kazi imekwisha. Lakini kuteremka kulinifunza zaidi kuliko kupanda. Kila hatua mwili unataka kutangulia, na misuli ya mbele ya paja inalazimika kuuzuia huku yenyewe ikivutwa, nayo ni kazi ambayo tambarare ya Dar haijawahi kuipa. Kufikia kilomita ya 16 miguu ilikuwa inatetemeka hata nilipopunguza mwendo.

Nikiwa katika hali hiyo nilisikia pikipiki na sauti ikituamuru tukae pembeni. Vinara wa kilomita 42, ambao walikuwa wameanza kwa mzunguko wao upande wa barabara ya Dar, walikuwa sasa wanateremka kutoka Mweka. Walipita wanne kwa pamoja, umbali wa kama hatua mbili kutoka kwangu, na nilichokiona ni mabega yaliyotulia na vinywa vilivyofunguka kidogo tu, kwenye mlima uleule ulionimaliza mimi. Nilipiga makofi mpaka wakapotea kwenye kona.

Nilivuka mstari kwa saa 2 na dakika 11. Nilipoona muda huo nilikumbuka mara moja ule wa Tokyo: Simbu alikimbia mara mbili ya umbali wangu, na bado angenitangulia kwa zaidi ya dakika moja. Sijawahi kumheshimu mwanariadha kama nilivyomheshimu yeye saa ile, nikiwa nimekaa kwenye nyasi za Ushirika na medali shingoni.

Jumatatu, basi liliposimama Korogwe kwa ajili ya chakula, niliteremka ngazi kinyumenyume, nimeshika mlango kwa mikono miwili, kwa kuwa mapaja yalikataa kabisa kunishusha nikiwa nimetazama mbele. Utingo alinipa mkono bila kuniuliza chochote, akaitazama fulana yangu, akasema, "Pole kwa kazi, kaka."

Jumamosi mbili baadaye, miguu ilipopona, sikwenda darajani. Nilipanda daladala ya kwanza ya Pugu, nikaanza kukimbia kuelekea Kisarawe, ambako kuna mlima.